Jicho la Akiba

Nina miaka hamsini na miwili, ni afisa wa pili wa meli ya mizigo, na macho yangu yaliwahi kuwekewa kikao bila mimi kuitwa. Nahodha, niliyemzidi umri akanizidi cheo, aliniona na miwani ya kusomea, akatangaza kwamba meli haiwezi kukabidhiwa bibi kipofu. Akatoa sharti. Alfajiri nipime nyota tatu kwa sekstanti, chombo cha vioo cha kupimia kimo cha nyota juu ya upeo, nionyeshe meli ilipo bila mtambo wa setilaiti. Nikikosea zaidi ya maili mbili, nishuke bandari inayofuata nikapange mafaili ofisini.

Nusu saa kabla ya kazi nilifunga jicho la kulia kwa kitambaa cheusi, maana jicho huchukua muda huo kuzoea giza, na mwanga wa mara moja tu huharibu yote. Mpishi alinikuta kwenye ujia wenye taa, akauliza nani kanipiga ngumi. Nikamwambia ngumi bado, ila kuna mtu anaitafuta.

Nyota mbili zilizong'aa nilizipima kwa jicho la kushoto, upeo wa bahari ukianza kuonekana. Nikaingia chumba cha usukani kuandika vipimo, ndipo nahodha akaingia na kuwasha taa kubwa nyeupe, eti aone ninachoandika. Mshika usukani alifunika uso. Jicho langu la kushoto halikuona kitu tena.

Nilitoka nje, nikafunga mlango, nikavua kitambaa.

Nyota ya tatu ilikuwa hafifu. Ya namna hiyo huitazami moja kwa moja, unatazama pembeni yake kidogo mpaka ijitokeze. Ikajitokeza. Kwa vioo vya sekstanti niliishusha taswira yake hadi kwenye upeo, nikavaa miwani yangu mbele ya nahodha aliyenifuata, nikasoma namba kwa tochi nyekundu.

"Mama, hapo hakuna nyota," alisema. "Umebuni."

Nikampa sekstanti. Aliigeuza huku na huku, akapepesa macho yaliyotoka kwenye taa, akanirudishia.

Hesabu ilikosea kwa maili moja na robo tu. Alikagua mtambo mara mbili. Nilimwekea kitambaa mezani.

"Kesho ujifunge hiki nusu saa kabla," nikamwambia. "Na taa yangu usiiguse."

Bandarini nilishuka kweli. Nilinunua miwani ya akiba, nikapanda tena.