Marahaba Isiyo na Mwenyewe

Wake wawili wa marehemu Ngeleja walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kila walipokutana, wote waliamkia. "Shikamoo, dada!" anasema Celestina. "Shikamoo na wewe, dada!" anajibu Agness, na marahaba inakosa mwenyewe. Zaidi ya miaka thelathini, hata siku ya msiba wa mume wao, hakuna aliyekubali kuwa mkubwa.

Msidhani ni maringo tu. Kule Usukumani walikotoka, mjane mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni husemwa mchawi kabla hajapiga hodi. Na huku Kilosa walikohamia na ng'ombe, ng'ombe walishakwisha, mume alishazikwa, na serikali ilishatangaza kwamba mambo ya bure yamekwisha, kila mtu achangie matibabu yake. Uzee bila ng'ombe, jamani, ni nani atakayeukubali? Agness akaenda Mikumi kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, akapaka nywele piko na kujiita wa miaka arobaini na minane. Celestina akabaki pale Kilosa, mtaa wa Magomeni, akiuza mchicha, naye akajipa arobaini na sita. Mwanawe Shigela alikuwa Dar es Salaam na mkewe, kwenye mitumba, akituma salamu kila mwezi, lakini salamu hazipikwi.

Basi mtoto wa jicho akaja. Kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia, mpaka Celestina akawa anapapasa mchicha wake mwenyewe. Habari zikaenea kwamba madaktari wa macho watakuja kupasua kwa wiki moja, na waliofikisha sitini hawatalipa chochote, mradi wawe na barua ya uzee. Siku hiyo hiyo Celestina akakata shauri kuzeeka.

Ofisi ya barua hizo nisiitaje, isije ikanidai nauli. Karani wake aliitwa Onesphory, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ukae, bibi. Sasa thibitisha kwamba wewe ni mzee."

"Ala! Si umeniamkia mwenyewe?"

"Hiyo ni heshima, bibi. Hapa tunataka ushahidi. Una cheti cha kuzaliwa?"

"Nilizaliwa mwaka wa nzige."

"Nzige hawana muhuri," akasema Onesphory kwa upole. "Lete shahidi anayekujua, aliyekuzidi umri. Tutamwandika na yeye na miaka yake, kisha orodha tutaibandika ubaoni. Watu wanaiba uzee siku hizi."

Kuiba uzee! Mtu hakai salama hapa duniani. Celestina alihesabu walio hai waliomzidi, akapata mmoja tu.

Alipanda basi la Mikumi, akaongozwa na wapita njia mpaka uani kwa Agness, akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo na wewe, dada. Umefuata nini?"

Akamweleza. Agness akalikamua shuka kwa nguvu mpaka likalia.

"Yaani jina langu libandikwe na uzee wangu? Makarius akijua leo, kesho niko barabarani. Nani atanilisha? Wewe na jicho lako?"

Makarius ndiye aliyekuwa tajiri wa nyumba ile. Zamani alikuwa meneja wa shirika la umma. Shirika likafa, likauzwa, na katika kuuzwa huko nyumba ya wageni ikabaki mkononi mwake, msiniulize vipi. Masharubu yake yalikuwa meusi ti. Alijitangaza wa miaka hamsini, alikuwa amechumbia binti wa miaka ishirini na minne, na kila mwezi aliwakumbusha wafanyakazi kwamba soko huria linataka damu changa.

"Agness," akasema Celestina. "Naogopa. Kufa siogopi. Naogopa kushikwa mkono na mkamwana kupelekwa chooni, na yeye anasonya."

Agness akageukia kamba. Alianika shuka, akachukua lingine. "Nenda," akasema, "basi litakuacha."

Madaktari walikuwa waanze Jumatatu. Ijumaa asubuhi Celestina alikuwa kwenye benchi la ofisi ile, hana shahidi, kaenda tu kwa sababu nyumbani hakukaliki. Saa sita ikapita. Onesphory akaanza kukusanya mafaili. Ndipo zikasikika ndala mlangoni, na harufu ya sabuni ya kufulia.

"Shikamoo, dada," akasema Celestina, kwa mazoea.

Mtu akavuta pumzi.

"Marahaba, mdogo wangu."

Wee! Celestina alishika ukuta. Neno alilolikwepa yeye na kulikwepa mwenzake miaka yote hiyo, leo limesemwa mbele ya serikali. Machozi yakamtoka kwenye macho yale yale yasiyoona.

"Andika, mwanangu," Agness akamwambia karani, akivua kilemba. Nywele hazikuwa na piko tena. Alikuwa amezinyoa, na zilizoanza kuota zilikuwa nyeupe. "Mimi sitini na nane, huyu sitini na mbili. Nilimbeba mgongoni kwa ngozi ya mbuzi, akanikojolea. Mambo ya kukojolewa sisahau."

Muhuri ukagongwa.

Celestina akapasuliwa jicho la kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji kitu cha kwanza kukiona kilikuwa Agness amekaa kwenye mkeka, na furushi la nguo pembeni.

"Kumbe umezeeka hivi!" akasema Celestina.

"Nimezeeshwa na wewe. Makarius amenifukuza juzi. Anasema ameliona jina langu ubaoni."

Celestina alimkaribisha, na nani angefanya vingine? Wakagawana godoro moja, Agness akilalamika magoti usiku kucha. Naye sasa alihitaji barua, tena kuliko mtu yeyote, ila shahidi wake angetoka wapi? Wote waliomzidi walikuwa makaburini Usukumani.

Asubuhi moja Celestina akaenda kwenye ule ubao kusoma jina lake mwenyewe, kwa raha tu. Kusoma alijifunza ngumbaro, na jicho jipya lilikuwa na njaa ya herufi. Akajikuta namba tisa. Akaendelea kushuka kidole. Namba kumi na nne akasimama, akafumba jicho bovu, akasoma tena. *Makarius, mfanyabiashara, Mikumi. Miaka sabini. Presha.*

"Aha!" akasema peke yake. Basi ndivyo alivyoliona jina la Agness. Alikuwa amefuata uzee wake wa bure.

Kesho yake mchana wajane wawili waliingia mapokezi ya ile nyumba ya wageni. Madereva wa malori walikuwa wanakula, na mchumba wa Makarius alikuwa kaunta, anajipepea. Makarius akatokea, masharubu yanang'aa. Celestina na Agness wakapiga magoti kwa pamoja.

"Shikamoo, baba!"

"Aa, inukeni, wazee wangu, mimi kijana tu..."

"Namba kumi na nne," akasema Celestina. "Sa—"

"Agness!" Makarius akapaza sauti. "Mashuka yamejaa huko uani! Anza kazi leo leo!"

Celestina akainuka, ameridhika. Lakini Agness alibaki chini.

"Mashuka nitafua, baba. Lakini magoti haya mwakani yatagoma, na wewe utatafuta damu changa. Mimi nitakwenda wapi? Nataka na barua, na anayenijua akanizidi umri ni wewe peke yako." Akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

Akangoja. Alijua neno lile lina uzito gani, kwa kuwa yeye ameshalibeba. Madereva waliacha kutafuna. Makarius alimtazama mchumba wake, akatazama mlango, akatazama ubao wa bei kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Marahaba," akanong'ona.

"Hatujasikia," akasema Celestina.

"Marahaba!"

Madereva wale walikuwa watu waliolelewa. Mzee akishajitaja haachwi hivi hivi. "Shikamoo, mzee," akasema wa kwanza, akinyanyuka. "Shikamoo, mzee," akasema wa pili, na wa tatu. Mwisho binti wa kaunta akaacha kujipepea, akayaangalia yale masharubu kwa muda, akakunja goti.

"Shikamoo," akasema.

Agness akainuka kwa kushika bega la Celestina. "Jumatatu, baba, basi la kwanza la Kilosa," akamwambia Makarius, akaelekea uani kuloweka mashuka.