Meg Alibweka

Umma ulitangaziwa, kwa karatasi iliyogongwa muhuri na kubandikwa kwenye mlango wa posta ya Hollin Beck, kwamba Chama cha Mbwa wa Kazi cha Bonde la Juu, baada ya mashauriano ya kina, kimeridhia birika kubwa la chai lihamishwe kutoka upande wa kushoto wa hema la maonyesho na kuwekwa upande wa kulia. Mwenye pingamizi alitakiwa kuliwasilisha kikaoni. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, iliongezwa kwamba kikao hicho hicho kingesikiliza lalamiko la Bi Isobel Dinsdale kuhusu sifa za mbwa wake.

Cuthbert Raine, ambaye bonde zima lilimwita Cuddy, aliisoma karatasi hiyo mpaka mwisho, kisha akasahau alichokuwa amekuja kununua.

Alikuwa mstaafu wa machimbo ya mawe, na jina lake zuri lilitokana na mbwa. Katika vilima vile, wanaume hutoka usiku na kurunzi kuwinda sungura kwenye malisho ya wakulima waliowapa ruhusa, na mbwa wanayemtumia ni lacha: chotara wa mbwa wa mbio na mbwa wa kondoo, mwenye miguu ya mmoja na akili ya mwingine Mungu akipenda, na kinyume chake asipopenda. Kazi yenyewe ni ya kimya. Kurunzi humulika, macho ya sungura hung'aa, kamba huachiwa, na mbwa hukimbia ndani ya mwanga bila kutoa hata mguno. Mbwa anayebweka huwatimua sungura wa malisho yote, huwashtua kondoo, na hatimaye humwamsha mkulima. Kilema hicho kikishaingia hakitoki. Aibu yake haiishii kwa mbwa, maana watu wa huko huamini kwamba kubweka hurithiwa, na mama wa mbwa wa namna hiyo hatafutwi tena na mtu.

Cuddy hakuwa na siri yoyote katika ufundi wake isipokuwa subira, ambayo ni siri kwa sababu hakuna anayeitaka. Mtoto wa mbwa alitembezwa kwa kamba katikati ya kondoo mpaka akawachoka. Alirushiwa bustanini ngozi ya sungura iliyojazwa nyasi kavu, akafundishwa kuileta mkononi. Halafu alitolewa usiku kutembea tu, kurunzi ikiwashwa na kuzimwa, bila kuachiwa. Sungura wake wa kwanza aliyestahili kukimbizwa alikuja baada ya mbwa kutimiza mwaka, na hata hapo alichaguliwa sungura mzembe, aliyelala mbali na ukuta, katika usiku wa giza na upepo mkali, ili mwanafunzi ashike na aamini kwamba kushika kunawezekana. Mbwa mchanga anayekosa na kukosa hupandwa na hasira, na hasira hiyo humtokea mdomoni.

Bi Isobel Dinsdale, mjane wa mchunga kondoo, aliyajua hayo. Ndiyo maana mbwa wake Fern alipozaa, alimpa Cuddy bure mtoto aliye bora kuliko wote, jike mwembamba wa rangi ya majivu, akamwambia, "Ukimfundisha wewe, hawa wengine watapata wa kuwanunua." Kwa mwanamke aliyeishi peke yake juu ya kilima, uzao wa Fern ulikuwa ndio kuni za majira ya baridi. Cuddy alishukuru, akamwita yule mtoto Meg.

Kilichoharibu mambo kilisemwa baa, majuma machache kabla ya karatasi ile.

"Meg yuko wapi?" aliuliza Wilf Teasdale, ambaye alifuga malacha wengi na kuwauza upesi. "Au bado ananyonya?"

"Ana miezi minane."

"Miezi minane! Wa kwangu kwa umri huo alishamaliza sungura wa shamba zima."

"Na mwanakondoo mmoja."

"Mmoja tu, bwana, tena alijuta!" Watu wakacheka, naye Wilf akasogeza kiti. "Sema kweli, mzee mwenzangu. Anayengoja siyo mbwa. Magoti yako ndiyo yamegoma kupanda kilima, sasa unamsingizia mtoto wa watu."

Magoti yalikuwa yamegoma kweli. Mtu husamehe uongo unaosemwa juu yake kwa urahisi zaidi kuliko ukweli wa namna hiyo. Cuddy aliweka bilauri chini, akasema, "Lete kurunzi yako."

Usiku ule haukufaa kwa lolote. Upepo haukuwapo, na mwezi ulikuwa juu kama mkaguzi. Sungura walikula karibu na ukuta, hatua moja tu kutoka kwenye mashimo yao. Wilf alimulika, Cuddy akashika kamba, na mkono wake ukajua vizuri kabisa kwamba haupaswi kufunguka. Ukafunguka.

Meg alikimbia kwa uzuri uliomuumiza kuutazama. Sungura akaingia ukutani. "Bahati mbaya," alisema Wilf. Wa pili akaingia vile vile. Wa tatu alimpeleka Meg moja kwa moja kwenye mawe, na mbwa akarudi akichechemea, macho hayatulii, akitetemeka kwa hamu mpaka kamba ikatetemeka naye. Hapo mtu mwenye akili angezima taa na kwenda nyumbani. Cuddy alikuwa na akili, lakini Wilf alikuwa anamtazama.

Nyuma ya sungura wa nne Meg alibweka. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya mtoto aliyefungiwa nje. Akabweka tena, na tena, mpaka dirisha la nyumba ya mkulima likawaka. Wilf alizima kurunzi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbwa wa Cuddy Raine! Lo! Hili la leo, ndugu yangu, sijui nitalificha wapi."

Na Cuddy, ambaye kwa miaka mingi aliwaambia vijana kwamba mbwa hakosei kabla ya bwana wake, alisikia kinywa chake kikisema, "Ni damu hiyo. Fern ana kelele. Nilimwonya Bi Isobel asimzalishe."

Hakuwa amemwonya. Hakuwahi kumwambia neno lolote kuhusu Fern isipokuwa asante.

Wilf hakulificha popote. Kabla juma halijaisha, waliokuwa wameagiza watoto wa uzao ujao wa Fern walianza kukumbuka kwamba nyumba zao ni ndogo, au kwamba wake zao wanapiga chafya. Bi Isobel alishuka kilima kwa miguu, akasimama mlangoni kwa Cuddy, akakataa kuingia.

"Cuthbert, wanasema umesema Fern ana kelele."

"Watu husema mengi, Bi Isobel."

"Sikukuuliza watu. Fern hata mleta barua hambwekei. Huyu mtoto alibweka?"

"Alibweka."

"Ukiwepo?"

"Nikiwepo."

Meg alipenya katikati ya miguu yao, akaweka kichwa kwenye kiganja cha mjane. Mjane alimsugua sikio kwa muda. "Basi itakuwa kweli," alisema. "Wewe husemi ovyo. Lakini nataka isemwe kikaoni, mbele ya watu, siyo baa. Ikiwa hivyo, sitamzalisha tena."

Angeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache na mlango ulikuwa wazi. Alisema, "Angalia barafu njiani."

Ukumbi ulijaa, kwa sababu ya birika. Pingamizi lilitolewa, likajibiwa, likatolewa upya na mtu mwingine aliyedhani ni la kwake. Hatimaye mwenyekiti, Bwana Hubert Lowes, mwalimu mstaafu, aliita lalamiko la Bi Dinsdale, na Cuddy akasimama kabla hajaulizwa. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ya ule mlango.

"Fern hana kosa," alisema. "Wala mtoto wake. Nilimtoa akiwa na miezi minane, bila upepo, mwezi ukiwaka, nikamwachia na kumwachia mpaka akaharibika. Nimemharibu mimi. Halafu nikamsingizia mama yake ili nisichekwe."

Kisha kutoka nyuma ikasikika sauti yenye huba: "Huyo ndiye Cuddy sasa."

"Muungwana," alisema mwingine. "Kujitupia lawama kwa ajili ya mjane!"

"Siyo uungwana," alisema Cuddy. "Ni kweli."

"Cuddy amwachie mbwa wa miezi minane?" aliuliza mzee wa mstari wa mbele, akiwageukia wenzake. "Mimi alinifukuza uani kwake kwa kuuliza tu!"

Wakacheka kwa upendo. Bwana Lowes aliinua mkono. "Bwana Raine, moyo wako tunaufahamu."

"Muulizeni Wilf. Kurunzi alishika yeye."

Wote walimgeukia Wilf, ambaye siku hiyo alikuwa na watoto wa mbwa wake mwenyewe wa kuuza. Alichunguza kofia yake ndani na nje. "Kulikuwa na giza," alisema.

"Mwezi ulikuwa juu, Wilf!"

"Mimi nilikuwa natazama sungura."

Bi Isobel alinyanyuka katika kiti chake, akavaa glavu moja. "Asante, Cuthbert," alisema kwa upole. "Lakini hukuwa na haja ya kusema uongo kwa ajili yangu."

Alitaka kujibu. Jina lile zuri alilokuwa amelilinda kwa gharama ya mwanamke huyu lilikuwa limesimama mbele yake kama ukuta, na kila neno alilolirusha lilirudi likiwa sifa nyingine. Aliketi. Uso ulimwaka mpaka masikioni, na jirani yake, akidhani ni haya ya mtu anayesifiwa, alimpigapiga goti.

Mwenyekiti alisoma azimio: kwamba Chama kinatambua uungwana wa Bwana Raine, kwamba Fern na uzao wake hawahukumiwi, bali watakuwa chini ya uangalizi kwa misimu miwili, na katika muda huo wanachama wanashauriwa kutochukua watoto wake, na kwamba, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji mtu ambaye neno lake halina shaka, Bwana Raine ameteuliwa kuwa mwangalizi. Azimio lilipita kwa kauli moja. Mwangalizi mwenyewe hakunyoosha mkono, na kwa heshima ya umri wake akahesabiwa kuwa amenyoosha.