Matone Matatu katika Maji ya Moto

Siku ya kumi na tisa ya eda yake, Mwatum aliamka akakuta maji ya ndoo yameganda. Ulikuwa mwezi wa Julai, kipupwe, na Mji Mkongwe mzima ulikuwa ukijifunika mashuka na kulalamika, lakini kilichoingia chumbani kwake hakikuwa kipupwe. Juu ya mto palikuwa na theluji kidogo. Aliikung'uta kwa upindo wa nguo yake nyeupe, akavunja barafu kwa mchi, akatia udhu.

Asubuhi Bi Salhiya, mwenye duka la viungo chini ya nyumba hiyo, alimpandishia chai ya tangawizi na seredani. Makaa yalizimika mara mbili. Akakaa ukingoni mwa kitanda, pumzi yake ikitoka nyeupe.

"Hii si baridi yetu," alisema. "Hii ndo ile wanayoihadithia wageni dukani."

"Imeanza jana, baada ya alasiri."

"Na moyo?"

"Mzito vile vile."

Kilichoulemea moyo huo kilikuwa karatasi moja. Mumewe, Ame, alikuwa akisafisha tangi katika kiwanda cha mafuta ya maua huko shamba. Kila alfajiri alijipenyeza chini ya wavu wa kuwekea maua, akakwangua makapi ya jana. Saa mbili juu ya alama maua yalimwagwa tangini, na Makungu, mshika mvuke, akafungua mvuke, kwa sababu mlangilangi ukichelewa hupoteza harufu, na msimamizi, Bwana Wakil, hapendi kuchelewa. Siku moja mvuke ulifunguliwa Ame akiwa bado chini ya wavu. Mafuta ya siku hiyo hayakumwagwa. Yalitiwa vichupani kama ya siku nyingine. Taarifa ya kiwanda ikasema kwamba marehemu alirudi ndani bila ruhusa, akafa kwa uzembe wake mwenyewe, na sheha wa huko akaweka muhuri.

Mwatum alikaa na Ame miaka kumi na minne. Ame alikuwa mtu wa kukagua komeo mara tatu kabla ya kulala. Neno lile, uzembe, lilimuuma kuliko kifo chenyewe, na alitaka lifutwe. Hakutaka kitu kingine kwa kiwanda wala kwa serikali.

Bi Salhiya alishuka dukani, akarudi na kichupa cha mlangilangi. Maandishi yake aliyajua kwa moyo, maana kila siku aliwasomea wateja: matone matatu katika maji ya moto, chumbani, huondosha huzuni ya majira ya baridi.

"Nimo edani, Bi Salhiya. Manukato hayanifalii."

Basi akaitiwa Mwalimu Rukaiya, anayesomesha wanawake wa mtaa dini. Alikuja na sweta, akaitazama theluji, akafikiri. Alisema anayekaa eda hajipambi, lakini kufa kwa baridi si pambo. Bakuli liwekwe mbali, mvuke usimguse mwilini.

Bi Salhiya alitia tone la kwanza, la pili, la tatu.

"Makungu, funga mvuke," bakuli likasema. "Bado nimo ndani."

Ilikuwa sauti ya Ame ya kazini, nene, iliyopazwa bila hasira. Ilisema mara moja tu. Theluji ikayeyuka na maji yakatiririka hadi mlangoni, Bi Salhiya akachukua tambara. Alipomaliza kufuta alikigeuza kichupa, akasoma tarehe chini yake. Ilikuwa tarehe ya msiba. Mwatum alilia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kilio kilimpa nafuu. Mwalimu Rukaiya alifikiri tena.

"Manukato ni anachojipaka mwanamke," alisema. "Maneno ya mume si manukato."

Ijumaa, baada ya sala, sheha na Bwana Wakil waliitwa. Mwatum alikaa nyuma ya pazia, wao mbele yake. Matone matatu yalitiwa, Ame akasema maneno yake.

"Ndiye," sheha alikiri. "Nimesoma naye chuo kimoja."

"Basi lifutwe lile neno," Mwatum alisema.

"Taarifa ishafungwa, Bi Mwatum. Ili ifunguliwe, msemaji lazima aje ofisini mwenyewe, na kitambulisho chake."

Bwana Wakil aliinama juu ya bakuli, akavuta pumzi.

"Mkamuo wa siku ile ulitoka vizuri sana," alisema. "Vichupa vingine vyote vishapelekwa Ulaya."

Wakanywa kahawa, wakaaga. Mwatum alibaki na hasira yake. Baridi ilirudi jioni ile ile, naye akatia matone matatu. Alifanya hivyo hadi kichupa kikaisha, kisha akajifunza kulala na theluji.

Wiki ya mwisho ya eda, Himid, mdogo wake Ame, alikuja akakaa mbele ya pazia.

"Shikamoo, shemegi."

"Marahaba. Umepata kazi?"

Alikuwa hana kazi tangu hoteli aliyokuwa akipikia huko Uroa ilipofungwa. Alisema ameipata. Huko Ulaya baridi imeanza na wateja wameandika barua. Wanatia matone matatu, na sauti ya mwanamume inasema. Maneno hawayaelewi, lakini yanawatuliza, na watoto wao wanalala upesi. Wanataka mafuta mengine kama hayo hayo. Bwana Wakil amejaribu mikamuo yote iliyofuata na yote imetoka kimya, kwa hiyo Jumamosi Himid anaingia tangini.

"Nani anashika mvuke?"

"Makungu."

Mwatum alilisogelea pazia.

"Ukiwa ndani, Himid, sema kwa nguvu."

"Kaka alisema kwa nguvu, shemegi," Himid alijibu. "Makungu kanambia wote walimsikia."