Umande Ndani ya Utepe

Kikonyo cha kumi na tatu kilikunjika bila kuvunjika. Mfumaji akakilaza juu ya maua pamoja na vingine, mpaka lavenda ikabaki ndani kama ndege tunduni. Kisha utepe wa zambarau ukaanza safari yake: juu ya kimoja, chini ya kinachofuata. Vikonyo alivikata asubuhi. Vingengoja mpaka kesho vingekuwa vikavu, vya kukatika tu.

"Hodi!"

Wifi yake hakusubiri kukaribishwa. Alitua boksi mezani, juu ya tepe. Yeye ndiye aliyepeleka vishada vya manukato vya aina hiyo kwenye duka la zawadi kila Jumatatu, na leo alikuwa amevirudisha vyote.

"Mbona umerudi navyo?"

"Vinuse kwanza."

Mfumaji akachukua kishada kimoja, akakisogeza puani, akafumba macho. "Vinanukia vizuri tu. Mwenye duka ana maringo."

"Wewe! Pua yako imeenda likizo? Vinanuka kama soksi za kaka yako, na mimi ndiye ninayezifua!"

Alicheka peke yake. Mfumaji alikuwa ameinama, anaunyoosha utepe ambao tayari ulikuwa umenyooka. Kicheko kikakatika. Wifi akachukua mkasi, akafungua kishada. Ndani, maua yalikuwa yameota ukungu mweupe.

"Tangu lini husikii harufu, wifi?"

"Tangu ile homa."

"Miezi minne! Mficha maradhi..." Hakuimalizia methali.

Kwa miaka kumi na tisa pua ndiyo iliyomwambia lini aanze kufunga. Ua lenye umande hunuka majani mabichi; likishapata hewa ndipo hunukia lenyewe. Macho hayafai kitu hapo, maana maji hujificha ndani ya vitumba. Baada ya homa akawa anakisia. Na kila asubuhi, kabla jirani hawajaamka, aliinama bustanini akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma, akijiambia labda leo.

"Daktari anasemaje?"

"Huenda irudi. Huenda isirudi. Na dukani?"

"Kasema basi. Nilimbembeleza, wifi. Kasema basi."

Mfumaji akalisukuma beseni lililojaa vikonyo. "Wapelekee mbuzi."

"Mbuzi gani anakula manukato?"

Wifi akavuta kiti, akaketi, akachomoa kikonyo kimoja, akakinusa. "Hiki bado." Akakiweka kando. Akachukua kingine. "Hiki tayari. Shika."

"Vya nani sasa, na duka limekataa?"

"Sijui. Shika, mkono unauma."

Akakishika. Cha tatu kilikuja, kisha cha nne. Wifi akaacha kusema bado, akaacha kusema tayari, wala hakuulizwa. Kila alipoinamia kikonyo kipya, mfumaji aliuacha utepe mapajani akamtazama usoni: paji lililokunjamana, midomo iliyobanwa, pumzi ikiingia taratibu. Akasubiri. Uso ule ukalegea, kope zikashuka zenyewe, kama za mtu aliyeitwa kwa upole na mtu amjuaye.

Hapo ndipo mfumaji aliponyoosha mkono kukipokea.