Nabii wa Nusu Dakika

Itambulike na wote wenye macho na masikio kwamba Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, nyumba ya fundi cherehani iliingia rasmi katika enzi mpya ya utangazaji. Enzi hiyo ilichelewa kidogo kuanza, kwa sababu chaja ya laptopu haikuonekana, na ilipoonekana, mjomba alikuwa ameikalia.

Enzi ya zamani ilikufa Alhamisi. Mjomba, seremala mwenye uzoefu wa miaka ishirini, alikuja kumtundikia dada yake, yule fundi, rafu ya nyuzi, akapigilia msumari wa inchi nne katikati kabisa ya waya wa kebo uliopita ukutani. Televisheni ikazimika. Rafu nayo ikakaa upande.

Wiki hiyo haikuwa ya kuharibu televisheni. Binti mkubwa wa nyumba alikuwa anakimbia fainali ya mita elfu tano, na ni watatu wa kwanza tu ambao wangechukuliwa timu ya taifa. Miaka minne mama alimshonea bukta, akamwamsha alfajiri, akampaka dawa ya misuli. Sasa fainali imefika, na hana pa kuitazamia.

"Usihangaike, mama," alisema Kiherehere, binti mdogo, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. "Mtandaoni wanaonyesha. Bando ninalo."

Akaiweka laptopu juu ya meza ya cherehani. Ambacho hakusema ni kwamba asubuhi, alipokuwa akiijaribu, redio ya simu yake ilimtangaza mshindi wa mita mia wakati kwenye laptopu wakimbiaji walikuwa bado wameinama mstarini. Picha za mtandaoni zilikuwa nyuma nusu dakika nzima. Mtoto mwema angewaambia wenzake. Kiherehere alichomeka kisikilizio sikioni, akajitanda mtandio juu yake, akaingia sebuleni kwa mwendo wa askofu.

Walianza na mbio za wanaume.

"Mjomba," alisema huku amefumba macho, "namwona mwenye soksi nyekundu. Anajikwaa."

"Ujikwae wewe. Tulia tuta... He!"

Soksi nyekundu akajikwaa.

"Nikipatia tena, utaniita Mheshimiwa."

Akapatia tena, mara tatu. Mjomba akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anayekumbuka dhambi zake.

"Mheshimiwa," alisema hatimaye kwa adabu, "rafu yangu itaanguka?"

"Hiyo haihitaji nabii, mjomba."

Ndipo wasichana walipopanga mstari. Mama akajizungushia utepe wa kupimia mkononi, akaukaza mpaka vidole vikabadilika rangi. Hakucheka na wenzake. Akamgeukia bintiye.

"Mwanangu, hebu mtazame dada yako. Ataingia timu?"

Kiherehere aliutazama ule utepe. "Ataingia, mama. Nimeona."

Bastola ikalia. Mzunguko baada ya mzunguko, dada alikaa wa pili, kifua mbele, shingo wima. Mama alikuwa amesimama, anapiga makofi, anamwita kwa jina lake la utotoni. Ikabaki mizunguko miwili.

Redio ikapiga kelele sikioni: ameanguka!

Kiherehere akaganda. Mbele yake dada alikuwa bado anakimbia vizuri, na mama bado anacheka. Kwa nusu dakika nyumba nzima ilikuwa na furaha, na yeye peke yake alijua kwamba furaha ile imeshakwisha.

"Mheshimiwa, mbona kimya?" aliuliza mjomba.

Kisha kwenye kioo mguu ukagonga mguu, dada akaanguka kifudifudi. Mama akatoa sauti ambayo Kiherehere hakuwahi kuisikia.

"Usilie, mama! Ameshainuka! Ni wa sita, anampita wa tano!"

"Ameinuka wapi? Si yule yuko chini!"

Kiherehere akaruka kumshika mama, mtandio ukamponyoka. Waya ukaning'inia shingoni, mweupe, wazi kabisa.

"Hiyo nini?" mama aliuliza.

"Redio. Inatangulia laptopu."

"Nipe."

Mama akakitia kisikilizio sikioni mwake. Sasa hakuna aliyejua kitu ila yeye, na Kiherehere akabaki kuusoma uso wa mama. Nyusi zikapanda. Midomo ikahesabu: tano, nne. Ikakwama kwenye nne muda mrefu mno. Kwenye laptopu dada ndiyo kwanza alikuwa anampita wa tano.

"Wa tatu!" mama alipaza sauti, utepe ukaruka hewani. "Wa tatu! Amemwacha wa nne kwa kifua tu! Mwanangu yumo!"

"Dada, na wewe umeota unabii?" mjomba aliuliza, kisha akaona waya, akakumbuka Mheshimiwa zote alizozitoa. "Ala! Mtoto huyu!"

Wakakumbatiana, wakaruka, wakaruka tena nusu dakika baadaye picha ilipofika. Kisha mama akakaa, bado anahema, akamshika Kiherehere mkono.

"Soksi nyekundu ulisikia redioni. Haya. Lakini nilipokuuliza kama dada yako ataingia timu, mbio zilikuwa hazijaanza. Redio ilikuambia nini?"

Kiherehere akatazama sakafu.

"Haikusema kitu, mama. Hilo nilitunga. Ulikuwa unajikaza mkono kwa ule utepe, nikaogopa."