Kifua cha Kuazima

Nilipohamia Lemara kwa mwanangu Prosper, kitu cha kwanza kilichonishinda ni asubuhi. Kule kwetu mlimani asubuhi ilikuwa na kazi zake: majani ya ng'ombe, maji, migomba ya kupunguza, kahawa ikiwa ni msimu wake. Hapa mjini naamka, nasali, nafagia uani ambako mkwe wangu Prisca ameshafagia, halafu nakaa. Mume wangu Mikaeli alipofariki watu waliniambia nipumzike. Nilipumzika mpaka kupumzika kwenyewe kukawa ugonjwa.

Jumapili moja baada ya ibada nikamfuata mwinjilisti nje ya kanisa, watu wakiwa bado wananadi ndizi na mayai ya sadaka.

"Mwinjilisti, nipe kazi."

"Ya mshahara, Mama Prosper?"

"Mshahara utautoa wapi wewe? Nipe ya kujitolea. Mikono yangu inaoza."

Alicheka, lakini alinisikia. Kwanza akanipeleka kwa akina mama wanaoshona kanzu za kwaya. Macho yangu hayakuwa tayari kuona tundu la sindano, nami sikutaka kukiri. Kiongozi wao, Fransiska, aliinua kanzu yangu juu wote waione.

"Mama Prosper, mikono ya kanzu umeishona ikazibika. Mwanakwaya atatokea wapi?"

Nikaacha sindano. Nikaenda shule ya msingi kusaidia kupika uji, lakini wapishi wa pale walinipokea kama mtu aliyetumwa kupeleleza sukari. Nikasema basi nitafagia kanisa. Kumbe kanisa nalo lina wenyewe, kila mama na upande wake, na niliyemgusia madhabahu hakunisalimia kwa muda.

Hapo ndipo Vaileth aliposimama getini kwetu. Vaileth ni muuguzi katika hospitali moja hapa mjini, nyumba yake iko nyuma ya yetu.

"Shikamoo mama. Nasikia unazunguka kutafuta kazi kama kijana aliyemaliza chuo."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Lemara nzima. Njoo wodini kwetu. Ila hiyo mikono yako sina haja nayo. Nataka kifua."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba wodini kwao kuna watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, ambao wanalelewa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kutwa nzima, ili wapate joto. Mama akiumwa anatafutwa ndugu. Ndugu akikosekana, anatafutwa mtu yeyote mwenye afya na moyo wa kukaa.

"Na kifua cha mzee kama mimi?"

"Kina joto?"

"Sijui, mwanangu. Ni muda mrefu hakuna aliyekiegemea."

Vaileth alicheka hadi akashika geti. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Walinipima damu, wakanipima mapafu, wakatazama ngozi yangu. Wakaniambia nioge kwa sabuni isiyo na harufu na nisijipake kitu. Kisha Vaileth akaniketisha kwenye kiti cha kuegemea, akafungua blauzi yangu, akaniwekea mtoto katikati ya kifua, akatufunga pamoja na kitenge.

Mimi nimezaa. Nimepokea wajukuu. Nimevuta ndama mvua ikinyesha. Lakini hicho nilichowekewa kifuani sikuwahi kukiona. Kichwa kilikuwa kama chungwa. Masikio yalikuwa laini, yamelala kama ua la maharage lililonyeshewa. Chini ya ngozi niliona damu inapita, naiona kabisa, kama unavyoona maji yakipita mferejini. Na kwenye kidole chembamba kama njiti ya kiberiti kulikuwa na ukucha. Nani aliyekumbuka kuweka ukucha pale?

Miaka yote nimeimba kanisani kwamba Mungu anaumba. Kuimba ni rahisi. Sasa nilikuwa nimekaa na kazi yake ambayo alikuwa bado hajaimaliza, na amenipa nimshikie. Niliogopa hata kumeza mate.

"Kitu kimoja, mama," Vaileth akaniambia. "Hawa huwa wanasahau kupumua. Ukiona ametulia mno, msugue wayo kwa kidole, halafu uniite."

Mtoto huyo mama yake aliitwa Princess, msichana wa Kimaasai kutoka ng'ambo ya Kisongo. Kifafa cha mimba kilimshika, akapasuliwa, na tangu hapo alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, hajitambui. Mume wake alikuwa mbali akichunga ng'ombe, simu haipatikani. Aliyekuwepo ni bibi wa mtoto, mama yake Princess, jina lake Nalepo. Yeye angemshika mtoto mwenyewe, tena angetaka sana, lakini kifua chake kilikuwa na bandeji. Alikuwa ameungua na maziwa ya moto, kidonda bado kibichi.

Basi Nalepo alikaa kwenye benchi karibu na mlango, shuka lake begani, akinitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyebeba kibuyu chake akishuka mteremko.

"Yeyo, hujambo," nilimsalimia kwa neno lao la mama.

"Sijambo. Kaa vizuri."

Hayo tu ndiyo maneno yetu siku za kwanza. Nafika asubuhi, naoga, nafungwa na mtoto. Maziwa anapewa kwa mrija puani. Namwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na nasikia moyo wake unakimbia juu ya moyo wangu, wake mara mbili, wangu mara moja.

Kosa nililifanya asubuhi moja jua lilipoingia dirishani likampiga mtoto shavuni. Alikuwa amepata kiuso sasa. Nikajisahau, nikasema kwa sauti, "Jamani, mtoto huyu ni mzuri. Mzuri sana, hajapata kutokea."

Nalepo alisimama. Uso wake ulibadilika, akatoka nje.

Hata kwetu Wameru wazee wa zamani walijua kwamba mtoto mchanga hasifiwi, sifa zisije zikamdhuru. Ila mimi nimekaa na neno la kumshukuru Mungu kwa kila kizuri, na nilikuwa nimesahau kwamba yapo masikio mengine.

Mchana ule ule, mtoto alitulia.

Nilihisi kabla sijaona. Kile kifua kidogo kilichokuwa kinanigonga kama kidole mlangoni kikaacha kugonga. Nikasugua wayo. Hakuna kitu. Midomo ikaanza kuwa ya rangi ya zambarau. Nikamwita Vaileth, nikasugua tena, nikasugua kwa nguvu, nikisema moyoni, Bwana, hujamaliza, hujamaliza. Vaileth alifika anakimbia, akamwinua shingo kidogo, akamgonga nyayo. Na mtoto akavuta pumzi. Pumzi moja, ndefu, kama mzee anayeamka ibadani. Kisha ya pili. Midomo ikarudi nyekundu mbele ya macho yetu.

Nimeona jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro tangu utotoni. Sijaona kitu kama kile.

Nilipoinua uso, Nalepo alikuwa mlangoni. Ameona yote.

"Nipe mtoto wetu," akasema. "Nampeleka nyumbani."

"Bibi," Vaileth akasema, "ukimtoa hapa hafiki hata Kisongo. Atapoa njiani."

"Hapa ndipo atakapokufa. Huyu Mmeru amemsifia, na wewe ulikuwepo. Asubuhi amemsifia, mchana amekata pumzi. Unataka nini kingine?"

"Si kwa sababu ya kusifiwa. Mapafu yake hayajakomaa, ndiyo maana—"

"Wewe ni mtoto mdogo," Nalepo akamkata. "Umesoma, sawa. Mimi nimezika watoto."

Alikuja hadi kitini kwangu, akanyoosha mikono. Hakumnyakua, alisubiri nimpe. Hapo nikaelewa kwamba mama huyu hana hasira. Binti yake amelala chumba kile hajui kama ni mchana, mjukuu anasahau kupumua, na yeye kifua chake kimeungua. Kilichobaki mikononi mwake ni kumlinda na maneno yangu.

"Yeyo," nikasema, "ni kweli nimemsifia. Nimekosa. Kwenu mtu akikosa hivi, mnafanyaje?"

Akanitazama. Nadhani alitegemea nibishe.

"Tunamtemea mtoto mate ya baraka. Kidogo, kama umande. Inaisha."

"Hapana," Vaileth akasema. "Bibi, nakuheshimu, lakini ngozi yake ni kama utando wa yai. Mate hapana."

Wakabaki wanatazamana, na mimi katikati na mtoto. Kichwani mwangu lilipita swali, kama ni halali kwa Mkristo. Nikawaza, mchungaji huniwekea mkono kichwani, na mkono wake si dawa. Baraka hupitia kwa mtu. Huyu naye ni bibi anayemwombea mjukuu, na anayemwomba anaishi juu, hana mwingine.

"Nitemee mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosa. Na mimi ndiye ukuta anaoegemea. Vaileth, mtoe kwanza, nikirudi nitaoga tena."

Vaileth alivuta pumzi, akamchukua mtoto, akamrudisha kwenye kitanda cha joto. Nikafunga blauzi, nikatoka na Nalepo hadi kwenye nyasi mbele ya wodi. Nikainamisha kichwa. Nikasikia anasema kwa Kimaasai, taratibu, maneno mengi, na ndani yake nikalisikia jina la Mungu wanavyomwita wao, Engai. Kisha umande ukanishukia kwenye paji la uso.

Sikujifuta. Nilisimama pale wauguzi wanapita na sahani za chakula, na mwili wangu wote ulikuwa na ganzi, kama siku niliyobatizwa ukubwani.

"Sasa mseme," Nalepo akaniambia.

"Nimsemeje?"

"Vibaya. Ni mbaya kama nini?"

"Ni mbaya kama kiazi kilichochimbwa kabla ya wakati."

"Ongeza."

"Kama kinyonga aliyenyeshewa."

Nalepo alifunika mdomo kwa shuka. Mabega yakaanza kucheka kabla yake. "Wewe Mmeru una mdomo," akasema. "Rudi ndani. Atapoa."

Nikaoga, nikafungwa na mtoto tena. Kuanzia siku ile benchi la Nalepo lilisogea hadi karibu na kiti changu, na akawa yeye ndiye anayenisugulia wayo wake nikichoka, kwa kidole kimoja, huku akimtukana. Mtoto alisahau kupumua mara nyingine, na kila mara tulimwita, na kila mara alirudi. Kutoka wapi, sijui. Vaileth anasema ni ubongo unakomaa. Namwamini. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale kila aliporudi, na nasema kuna aliyekuwa anamrudisha.

Kisha siku moja wakamleta Princess kwenye kiti cha magurudumu.

Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Alipoonyeshwa mtoto alirudi nyuma kitini.

"Huyu si wangu," akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Ni mdogo sana. Nitamvunja."

Vaileth akafungua kitenge changu. Mtoto alipotoka kwenye ngozi yangu baridi ilinipiga mahali alipokuwa, na yeye akalia, kilio chembamba kama cha kifaranga. Tukamweka kifuani mwa mama yake. Akaendelea kulia. Niliinama niimbe ule wimbo wetu, ambao kwangu humnyamazisha.

Kabla sijaanza, Princess alisema neno kwa Kimaasai. Neno moja tu, la chini, hata sikulisikia vizuri.

Mtoto alinyamaza. Akageuza kichwa, kile kichwa cha chungwa, polepole, kuelekea sauti ilikotoka, na akafungua macho. Yote mawili. Siku zote hizo kwangu hayakuwahi kufunguka zaidi ya ufa. Yalikuwa meusi, yametulia, na yalikuwa yanamtazama mtu anayemjua.

Hata Vaileth, ambaye ameona wengi, aliinama amwone vizuri.

"Wanasikia tangu tumboni," akasema baadaye, kwa sauti ya kanisani.

Nami nilikuwa nikidhani namfundisha nyimbo. Kumbe siku zote hizo, akiwa juu ya moyo wangu, alikuwa na sauti yake anayoisubiri.

"Mama," Princess akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha. "Nimshike vipi?"

Nikamwonyesha. Mkono mmoja hapa, chini ya shingo, asiinamishe kidevu, mwingine chini ya matako. Nikaweka mkono wangu juu ya wake mpaka ulipotulia. Kisha nikauondoa kidogo kidogo, kidole kimoja kimoja. Mtoto akabaki pale, anapumua.