Gongo Baya la Mzee Hirsi

Gongo la pekee la softboli la ile shule ya wasichana iliyokuwa nyuma ya soko la mifugo la Mwingi lilipasuka Jumatatu, na mechi ya Kikima ilikuwa Jumamosi. Mwalimu Kilonzo aliokota vipande viwili akavishikanisha, akavitazama weee, utadhani alitarajia vishikane vyenyewe.

Alikuwa na sababu ya kuhofu. Wiki iliyotangulia mwalimu mkuu, Madam Ndululu, alimwita ofisini na hakumung'unya maneno. "Mwalimu, hii softboli yako haiingii kwa mtihani na haiingii kwa sufuria. Mkipigwa tena huko Kikima, ule uwanja nitapanda kunde."

Jamani, ule uwanja Kilonzo aliufyeka kwa mikono yake. Aling'oa visiki, akabeba mawe, na miiba ikamwachia alama mpaka kwenye masikio. Hakuwa na jingine la kujivunia. Alifundisha jiografia na wanafunzi walisinzia. Wenzake aliosoma nao chuoni walikuwa wakuu wa shule, yeye bado aliitwa "yule mwalimu wa mpira wa Wamarekani". Mchezo huo aliuanzisha na kijana mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, ambaye mkataba ulipokwisha alirudi kwao akamwachia mpira, glavu zilizochakaa, na gongo hilo lililopasuka. Kunde zikipandwa pale, Kilonzo angebaki na nini? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Gongo lingechongwa, hilo halikuwa tatizo kubwa. Ugonjwa wake hasa ulikuwa Deqa.

Katika softboli, mrushaji husimama katikati ya uwanja na kurusha mpira kwa mkono wa chini, upite juu ya kibao cheupe, kati ya magoti na kifua cha mpigaji aliyeshika gongo. Mpigaji akiukosa mara tatu, ametoka. Lakini mrushaji naye akipotosha mipira minne, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza kama mgeni wa heshima, na anayezunguka besi zote tatu hadi kurudi kwenye kibao huleta alama. Deqa, binti wa Mzee Hirsi mfanyabiashara wa mbuzi na ngamia, alikuwa na mkono ambao Kilonzo hajauona kwa mtu mwingine. Mpira ulitoka kwake ukaimba. Wapigaji wawili watatu wa kwanza walipigapiga hewa na kurudi wameinamisha vichwa. Kisha, bila sababu, msichana huyo huyo aliharibika. Mpira mmoja ulikwenda kwenye miiba, mwingine ukamgonga refa. Alianza kujipangusa bega la kulia kama anayefukuza nzi, macho chini, na hapo ungejua mambo yamekwisha.

Kilonzo alimpa dawa aliyoijua. Kwao Mbooni, mama yake alimlea kwa sifa. Akichota maji vizuri, kijiji kizima kilisikia. Moyo mdogo hukuzwa kwa kusifiwa, ndivyo alivyoamini. Kwa hiyo Deqa aliporusha vizuri alimpigia kelele kutoka pembeni: "Hakuna kama Deqa! Mwingi nzima hakuna mkono kama huo!" Na alipoharibika, alizidisha.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Madam Ndululu alimwonya siku moja. "Huyo msichana ana kiburi. Weka Syombua arushe."

Kilonzo alikataa, ingawa usiku alijiuliza kama Madam hakuwa amesema kweli. Syombua alirusha polepole na kwa hakika, mipira ya kupigwa na mtu yeyote. Ukimweka Syombua unashindwa taratibu, ukimweka Deqa hujui utashindwa saa ngapi. Mara moja alimwita Deqa kando akamuuliza nini kinamsumbua.

"Hakuna, Mwalimu," akajibu, akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

Sauda, mdakaji aliyeipokea mipira ya Deqa nyuma ya mpigaji, ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo karibu na msikiti, alifungua mdomo. Deqa akamtupia jicho, na Sauda akaufunga.

Jumatano Mzee Hirsi aliposikia habari ya gongo, alijitolea kumpeleka Kilonzo kwa lori lake hadi kwa Mutie, mchonga mipini ya majembe na michi ya kutwangia. Kilonzo alikuwa amemwagiza Mutie achonge magongo kadhaa kwa kufuata umbo la lile lililovunjika. Yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mawili yalimeta kwa mafuta, mazito, na Mutie alikuwa ameyachoma nakshi za pembetatu kwa chuma cha moto. La tatu lilikuwa jeupe, halina nakshi, limekaa kama mwiko uliosahaulika.

Hirsi alikuwa mtu aliyetembea na fimbo tangu utotoni nyuma ya mifugo, kwa hiyo Kilonzo alimwachia achague. Mzee alilichukua kila gongo, akalipima mkononi, akaligonga chini na kuinamisha sikio. Lile jeupe alilishika kwa muda mrefu kuliko yote. Alilizungusha, akaligonga tena, akasikiliza. Halafu akalirudisha ukutani.

"Hii mbaya," akasema kwa sauti, Mutie akisikia. "Mbaya kabisa. Sijui hata kwa nini alichonga hii." Akatoka nje kwenda kutazama gurudumu la lori.

Kilonzo alishukuru kupata rafiki wa kweli. Akachukua yale mawili yenye nakshi.

Jumamosi walipanda lori la Hirsi alfajiri. Wasichana waliimba njia nzima, na Kilonzo alihesabu mambo yanayoweza kuharibika mpaka akakosa hamu ya viazi vitamu alivyofungiwa na mkewe. Kikima, huko huko Mbooni kwao Kilonzo, kulikuwa na baridi na umati. Watu wa kwao walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa uwanja, na mbele yao kabisa, juu ya kigoda, mama yake mwenyewe na kiondo chake.

"Kilonzo, mwanangu, leo tuone," akamwambia. "Hapa watu wanasema unalipwa kwa kucheza na watoto."

Madam Ndululu alikuja kwa gari la shule nyingine. Alikaa, akapakata mkoba, akatulia kama hakimu. Mzee Hirsi hakushuka. Alibaki kwenye lori, ameugeuza uso upande wa soko la Kikima. Kilonzo aliliona hilo likamuuma, baba kuja mbali hivyo asimtazame mtoto wake.

Deqa alianza kwa moto. Wapigaji watatu wa Kikima walitoka bila kugusa kitu. Kilonzo hakuweza kujizuia. "Mnaona? Mnaona huyo? Kenya nzima leteni mwingine kama Deqa!" Umati, nao ukiwa na ukarimu wa Wakamba, ukaitikia, na mama yake akapiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya bonde.

Deqa akajipangusa bega.

Kuanzia hapo ilikuwa mateso. Alipotosha mipira, akajirudi kidogo, Kilonzo akamsifu, akapotosha tena. Upande wa magongo nako hali ilikuwa mbaya. Lile la kwanza lenye nakshi lilikatika pale palipochomwa, kipande kikaruka hadi miguuni kwa Madam Ndululu. La pili lilikuwa zito kama mchi, na wasichana walipomaliza kulizungusha mpira ulikuwa umeshafika kwa mdakaji. Kufikia zamu ya mwisho walikuwa nyuma kwa alama moja, na Kilonzo alikuwa amelowa jasho katika baridi ile ya Mbooni. Tayari aliziona kunde zimechanua.

Hapo ndipo Mzee Hirsi alipokuja akitembea kutoka kwenye lori, na mkononi ana lile gongo jeupe.

"Chukua hii," akasema.

Kilonzo alilitambua mara moja. "Mzee Hirsi, si wewe ulisema hii ni mbaya?"

"Nilisema. Wewe ukaacha, mimi nikarudi nikachukua. Nilifikiria mtu wa soko ataelewa." Alilitazama gongo kwa haraka, kisha akatazama pembeni. "Mwalimu, kwetu kitu nzuri haisifiwi na kinywa wazi. Inapata jicho. Ngamia mzuri ukimsifu asubuhi, jioni anachechemea. Mimi nikitaka ngamia, nasema huyu ni takataka."

Syombua alilichukua gongo, akaenda kusimama kwenye kibao. Kilonzo hakumwona.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto ni zaidi ya ngamia. Tangu asubuhi unaita jina yake mbele ya watu wote, na hakuna hata mmoja anasema mashallah. Mimi nimekaa kwa lori, siwezi kuangalia. Ndugu ya mama yake alikuwa anasifiwa mbio hivyo hivyo, na mguu yake ikakauka. Deqa anajua hiyo hadithi."

"Mbona hakuniambia, Mzee?"

"Akwambie nini? Mwalimu wake ana jicho baya?"

Mlio mkavu ulisikika. Syombua alikuwa ameupiga mpira kwa gongo jeupe, nao ukapaa juu ya vichwa vya Kikima ukaangukia kwenye shamba la mahindi la watu. Wasichana wawili waliokuwa kwenye besi walikimbia hadi kwenye kibao wakipiga mayowe, Syombua akiishia besi ya pili. Mwingi wakawa mbele kwa alama moja. Ilikuwa furaha, na Kilonzo aliisikia kwa mbali tu, maana mawazo yake yalikuwa kwenye mwaka mzima wa kelele zake. Kila alipodhani anamtibu yule mtoto, alikuwa akimtia hofu, naye akanyamaza kwa adabu.

Lakini Kikima walikuwa na zamu moja iliyobaki. Deqa alipanda kurusha, na mambo yakawa yale yale. Kwa jitihada aliwatoa wawili kati ya watatu wa kumaliza zamu, ila katikati yao mipira ilipotea hovyo, na wasichana wa Kikima wakatembea bure mmoja baada ya mwingine hadi besi zote zikajaa. Mpigaji aliyefuata alikuwa mrefu na mwenye mabega. Mipira mitatu ikaenda upogo. Mmoja zaidi, wote wangesogea besi moja na alama zingelingana, na mkono wa Deqa ulikuwa umekwisha kabisa.

Madam Ndululu alisimama. "Mwalimu, weka Syombua. Sasa."

Kilonzo alimwomba refa nafasi, akaingia uwanjani. Mama yake, aliyemjua, alitazamia sifa; alikuwa tayari ameinua mkono kwa kigelegele kingine. Deqa alimwona anakuja akainamisha kichwa, bega limepanda hadi sikioni, kama mtoto anayengoja kuchomwa sindano. Kilonzo aliona waziwazi kwamba anachokiogopa ni yeye.

Alisimama mbele yake, akaongea kwa nguvu ili kila mtu asikie.

"Deqa, wewe ni mrushaji mbaya."

Sauda alivua kinyago chake. Mtu fulani kwenye umati akasema, "Asi, huyu mwalimu vipi?"

"Mbaya sana," Kilonzo akaendelea. "Mwingi nzima sijaona takataka kama huo mkono wako. Sijui hata kwa nini nilikuleta."

Deqa aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alimtazama mwalimu wake machoni, akamtafuta pale kama anayetaka kuhakikisha. Kisha bega likashuka polepole. Pembe za mdomo wake zikacheza.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Ni mbaya."

"Basi rusha hivyo hivyo."

Kilonzo alirudi pembeni. Madam Ndululu alikuwa anamwambia kitu cha kunong'ona, kikali, kuhusu kumdhalilisha mwanafunzi mbele za watu. Kilonzo alikuwa amefunga kinywa chake kwa kiganja, maana alikijua.

Mpira wa kwanza uliimba. Mpigaji hakuuona. Kilonzo aliuma kiganja. Wa pili uliingia chini kidogo, magotini, gongo la Kikima likapita juu yake. Mama yake akaanza kusema, "Yiii, huyu msichana..." na Kilonzo, mtu mzima mwenye watoto, akamgeukia mama yake mzazi. "Mwaitu, nakuomba, nyamaza." Bibi alishangaa hata akatii.

Mpira wa tatu Kilonzo hakuutazama. Alifumba macho akasikiliza. Alisikia upepo wa gongo, na baada yake kishindo cha ngozi ndani ya glavu ya Sauda.

Wasichana walimrukia Deqa wakamwangusha chini. Walikuwa wameelewa haraka kuliko wakubwa, kwa sababu walipokuwa wakimbeba walikuwa wakimwimbia kwamba hafai, kwamba ni mbaya, kwamba arudishwe kwao, naye alicheka mpaka akapaliwa.

Madam Ndululu alikuja na mkoba wake. Uso wake ulikuwa umelainika, karibu na tabasamu. "Haya, Mwalimu. Kunde zitangoja. Lakini huyo msichana, mimi lazima niseme ni..."

"Ni mbaya, Madam," Kilonzo akamkatiza. "Tutavumilia naye hivyo hivyo."

Alikuwa amechuchumaa akifunga glavu ndani ya gunia, alipoona viatu vya Mzee Hirsi vimesimama karibu. Mzee alikuwa ametazama mpira wa mwisho. Macho yake yalionyesha. Aliegemea gongo jeupe, akakohoa, akatazama upande wa soko.

"Mwalimu," akasema.

"Naam, Mzee."

"Wewe ni mwalimu mbaya. Miaka yangu yote sijaona mwalimu mbaya kama wewe."

Kilonzo aliinama tena kwenye gunia, akafunga fundo lililokuwa limekwisha kufungwa.